Na Kama Sivyo? Maoni Juu ya Kufundisha Kauli za Masharti katika Skripti za Sheli

Miongoni mwa mambo ambayo wanachuo wetu hujifunza katika somo la kompyuta, hakuna linaloonekana jepesi kuliko kauli ya sharti. Mwanachuo huonyeshwa mistari mitano ubaoni, huinakili daftarini, huichapa kwenye mashine, na mashine hutii. Mkufunzi huridhika, mwanachuo naye huridhika, na somo huhesabiwa kuwa limekwisha. Makala haya yanakusudia kutoa maoni kwamba somo hilo huwa bado halijaanza. Tunafundisha umbo la kauli ya sharti, wala hatufundishi swali lililomo ndani yake. Na zaidi ya yote tunausahau upande wa pili wa swali hilo, yaani: na kama sivyo?

Kwa wanachuo ambao hawajafika hatua hiyo, yafaa kueleza kwanza kwamba sheli tunayoizungumzia si ile tunakonunua petroli. Sheli ni programu inayopokea amri za mtumiaji kwa maandishi na kuziwasilisha kwenye mfumo wa kompyuta ili zitekelezwe. Skripti ni faili lenye amri kadhaa zilizoandikwa moja baada ya nyingine, mfano wa ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani. Sheli huisoma skripti kutoka juu kwenda chini na kutenda kila inaloambiwa. Kauli ya sharti ni mahali ambapo skripti hufika njia panda, ikapaswa kuuliza kabla ya kuendelea.

KISA CHA ENDAMARARIEK

Mimi ni mzaliwa wa Endamarariek, wilayani Karatu. Nyumbani tulizungumza Kiiraqw, Kiswahili nilijifunza shuleni, na Kiingereza nilikikuta mbele ya safari. Miaka michache iliyopita nilirudi huko kwa kazi ya kukagua wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Ilikuwa wakati wa masika. Mwalimu wa darasa aliyempokea mwanachuo wetu aliniomba nimsaidie kupanga matokeo ya jaribio la hisabati la darasa la tano. Nilikuwa na kompyuta ndogo mkobani, nami nilitaka mwanachuo aone manufaa ya yale niliyomfundisha chuoni. Niliandika skripti ya kusoma majina na alama, kisha kutoa orodha. Kiini chake kilikuwa hiki:

if [ "$alama" -ge 50 ]
then
    echo "$jina: Amefaulu"
else
    echo "$jina: Arudie"
fi

Maana yake ni kwamba, kama alama ya mwanafunzi ni 50 au zaidi, aandikiwe kuwa amefaulu. La sivyo, aandikiwe arudie. Orodha ilitoka kabla chai yangu haijapoa. Tuliinakili kwa mkono, tukaibandika mlangoni pa darasa, nami nikamwambia mwanachuo kwa majivuno kidogo kwamba hiyo ndiyo faida ya elimu.

Siku ya tatu alikuja bibi mmoja pamoja na mjukuu wake. Nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, kisha akaomba kujua kwa nini mjukuu wake ameandikiwa kurudia. Nilifungua faili la alama. Mbele ya jina la mtoto yule hapakuwa na alama yoyote. Siku ya jaribio korongo lililo kati ya kwao na shule lilikuwa limejaa maji, na bibi mwenyewe ndiye aliyemzuia asivuke. Alinitazama, akasema kwa utulivu:

“Mwalimu, mtu ambaye hamkumwuliza kitu, amewajibuje vibaya?”

Sikuwa na la kusema ila kuomba radhi. Mtoto alikuwa amekaa nyumbani siku mbili kwa aibu, akiamini kwamba karatasi ya mlangoni inajua jambo ambalo yeye mwenyewe halijui. Tuliibandua orodha siku ile ile. Mtoto alipewa jaribio lake, na mimi nikapewa langu, ambalo ni kutafuta kosa lilikuwa wapi.

KOSA LILIKUWA WAPI?

Sheli haikukosea. Ilipofika kwenye jina la mtoto yule, iliulizwa kama kitu kisichokuwapo ni sawa na 50 au zaidi. Haikuweza kulinganisha. Iliandika kwenye kioo mstari mmoja wa malalamiko, kwamba ilitarajia namba nzima, nami sikuusoma. Kisha ikaendelea na kazi. Kwa kuwa jibu halikuwa ndiyo, ilikwenda upande wa “else”, na upande wa “else” mimi nilikuwa nimeandika neno moja tu: arudie.

Hapa pana fundisho kubwa ambalo vitabu vingi hulipita mbio. Tunapowaambia wanachuo kwamba “else” maana yake ni “kama jibu ni hapana”, tunasema nusu ya kweli. Maana yake kamili ni “kwa kila hali nyingine ambayo si ndiyo”. Humo mna aliyepata 12, mna ambaye hakufanya jaribio, na mna ambaye alama yake iliandikwa vibaya, kwa mfano herufi O mahali pa sifuri. Hali hizi tatu hazifanani hata kidogo, na mwalimu anayezitia katika kapu moja hatendi haki. Skripti ile ilipaswa kuuliza kwanza kama alama ipo:

if [ -z "$alama" ]
then
    echo "$jina: Hakufanya jaribio. Aulizwe sababu."
elif [ "$alama" -ge 50 ]
then
    echo "$jina: Amefaulu"
else
    echo "$jina: Asaidiwe"
fi

Alama ya “-z” huuliza kama nafasi ni tupu. “elif” huleta swali la pili iwapo swali la kwanza halikupata ndiyo. Mwanachuo makini ataona bado hatujamlinda mtoto ambaye alama yake imechapwa kwa herufi. Naye na aongeze swali hilo mwenyewe, maana ndilo zoezi bora kuliko yote ninayoweza kumpa. Ataona pia kwamba neno “arudie” limeondoka. Nilipolazimika kufikiri ni nani hasa wanaoingia upande ule, niliona kuwa hata aliyepata 12 anahitaji neno jingine.

SHELI HUULIZA NINI?

Ili kufundisha jambo hili vema, hatuna budi kujua sheli yenyewe huuliza nini inapoona neno “if”. Wengi hudhani huuliza kama jambo fulani ni kweli. Sivyo hasa. Sheli hutekeleza amri iliyofuata neno hilo, kisha huuliza swali moja tu: je, kazi hiyo ilifanikiwa? Kila amri inapomaliza kazi huacha nyuma yake namba ndogo kati ya 0 na 255. Sifuri ni ishara ya kufanikiwa. Namba nyingine yoyote ni ishara ya kushindwa.

Mtoto wa shule, na hata mwanachuo, anaijua sifuri kuwa alama ya aibu. Kwa hiyo mkufunzi asiipite hoja hii bila maelezo. Kufanikiwa hakuhitaji maelezo mengi, kwa hiyo namba moja yatosha. Kushindwa kuna sababu nyingi, na kila sababu yaweza kupewa namba yake. Amri ya kulinganisha niliyoitumia hutoa 0 ikiwa ulinganisho ni kweli, 1 ikiwa si kweli, na namba kubwa kuliko 1 ikiwa haikuweza kulinganisha. Yaani sheli ilikuwa imetofautisha kati ya mtoto aliyeshindwa na mtoto ambaye hakuulizwa. Ni mimi niliyewachanganya.

Hata mabano ya mraba si pambo la maandishi. Bano la kufungulia ni jina la amri kamili, na ndiyo sababu hutakiwa nafasi baada yake. Mwanachuo akibananisha bano na kinachofuata, sheli hutafuta amri yenye jina hilo la ajabu, isiione, na ikatoa malalamiko. Mwanachuo aliyeambiwa tu “acha nafasi” atasahau kesho. Aliyeelezwa kuwa bano ni amri, na kwamba amri haishikamani na kinachoifuata, hatasahau.

Lipo kosa jingine lililo baya zaidi kwa sababu halipigi kelele. Mwanachuo aliyezoea hisabati huandika alama ya “kubwa kuliko” ndani ya mabano, hivi:

if [ "$alama" > 50 ]

Katika sheli alama hiyo ina kazi nyingine, yaani kupeleka maandishi kwenye faili. Matokeo yake ni kwamba sheli huunda faili tupu lenye jina 50, halafu huuliza kama nafasi ya alama ina kitu ndani yake. Kwa kuwa ina kitu, jibu ni ndiyo, na kila mwenye alama amefaulu, hata aliyepata 3. Hakuna malalamiko kwenye kioo. Wanachuo hufurahi kwamba programu yao imefanya kazi. Mkufunzi asiyeijaribu skripti kwa mwanafunzi aliyefeli na kwa mwanafunzi asiyekuwapo hatagundua kamwe.

Kuna pia skripti zisizo na sharti mahali ambapo sharti lilihitajika. Tazama amri hizi mbili, ambazo mtu huziandika ili kusafisha folda ya mafaili ya zamani:

cd /kazi/alama_za_zamani
rm *

Amri ya kwanza huingia katika folda. Ya pili hufuta mafaili yote yaliyomo. Ikiwa folda ile haipo, au jina lake limekosewa kwa herufi moja, amri ya kwanza hushindwa. Lakini sheli kwa desturi yake haisimami. Huendelea na amri ya pili pale pale ilipo, na kufuta yaliyopo hapo, na hayaendi kwenye pipa la taka ambamo yangeweza kuokotwa. Dawa yake ni swali:

if cd /kazi/alama_za_zamani
then
    rm *
else
    echo "Folda haikuonekana. Sikufuta kitu."
fi

Hapa hakuna mabano, wala hakuna ulinganisho. Amri yenyewe ndiyo swali. Napendekeza mfano wa namna hii ufundishwe kabla ya ule wa mabano, maana ndio unaoonyesha tabia ya kweli ya sheli.

LUGHA YA KUFIKIRIA

Wengine watasema kwamba shida ya wanachuo wetu ni Kiingereza. Sikubaliani nao moja kwa moja. Maneno yenyewe ni machache: “if”, “then”, “elif”, “else”, “fi”. Hilo la mwisho hata si Kiingereza. Ni “if” lililogeuzwa kinyumenyume ili kufunga kauli. Mtindo huo Stephen Bourne, aliyekuwa katika maabara za Bell huko Marekani, aliuchukua kutoka lugha ya Algol 68, na sheli yake ilitolewa pamoja na toleo la saba la Unix mwaka 1979. Sheli ya Bash, iliyoandikwa na Brian Fox na kutolewa mwaka 1989, iliurithi, na ndiyo tunayoikuta katika mashine nyingi za Linux leo. Mwingereza naye hana budi kujifunza “fi” kama sisi. Maneno haya ni alama tu, kama alama za kujumlisha na kutoa.

Kinachohitaji lugha ni fikra iliyo nyuma ya alama. Na hapa Kiswahili kinatupa utajiri ambao hatuutumii. Kiswahili kina kiambishi cha sharti, -ki-, na kina kiambishi maalumu cha sharti la kukanusha, -sipo-. Tunasema “ukifika” na “usipofika”. Wahenga walijenga methali juu ya upande huo wa pili: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mtoto anayeijua methali hiyo tayari anajua kwamba jambo lisipotendeka, nalo lina matokeo yake. Kazi ya mwalimu ni kumtaka aseme pande zote mbili kila mara. Akisema “mvua ikinyesha tutapanda mahindi”, aulizwe: isiponyesha je?

Hata hivyo Kiswahili kina mtego wake, na mwalimu autambue. Kiambishi -ki- hubeba maana zaidi ya moja. “Mvua ikinyesha korongo hujaa” yaweza kuwa na maana ya iwapo itanyesha, na yaweza kuwa na maana ya kila mara inaponyesha. Kauli ya “if” huuliza mara moja tu, kisha hupita. Nimewaona wanachuo wakiandika “if” wakitumaini kuwa mashine itakaa mlangoni kulisubiri faili mpaka lifike. Haikai. Kwa kurudia upo muundo mwingine, unaoanza na “while”. Kwa hiyo nashauri darasani tutumie “iwapo” au “endapo” kwa swali la mara moja, na “maadamu” kwa jambo linalorudiwa wakati sharti likiendelea kutimia. Ama viambishi -nge- na -ngali-, hivyo ni vya mambo ya kudhania na ya kujutia. Mashine haijuti. Ni sisi tunaojuta, na ndiyo maana tuulize mapema.

Katika shule kama za Endamarariek, ambako watoto wengi huanza shule na Kiiraqw, mwalimu anayeijua lugha hiyo na awaruhusu waseme sharti kwanza kwa lugha ya nyumbani, kisha kwa Kiswahili, ndipo waliandike kwa alama za sheli. Hatua hiyo haipotezi muda. Mtoto asiyeweza kulisema sharti kwa lugha yoyote hawezi kuliandika kwa sheli.

NAMNA YA KUENDESHA SOMO

Najua kwamba shule nyingi za msingi mtakakopangiwa hazina kompyuta, au zina moja ofisini kwa mwalimu mkuu. Jambo hilo lisiwavunje moyo. Somo la sharti laweza kufundishwa kwa ubao, chaki na miguu ya watoto.

Kwanza, watoto wataje masharti ya maisha yao: kuvuka korongo, kufungulia mbuzi, kuanika mahindi. Kila sharti liandikwe ubaoni kwa safu tatu: swali, kama ndiyo, na kama sivyo. Safu ya tatu isiachwe tupu hata mara moja. Ikiwa la kufanya ni kutofanya kitu, na iandikwe hivyo.

Pili, mtoto mmoja awe sheli. Wenzake wampe amri, kwa mfano “chukua chaki iliyo dirishani”. Akiipata aseme “sifuri”. Asipoipata aseme “moja”. Na asipoelewa amri aseme “mbili”. Darasa lifuate njia ya skripti iliyo ubaoni kwa kadiri ya namba iliyotajwa. Watoto watacheka sifuri inapokuwa ushindi, na kicheko hicho kitawasaidia kukumbuka.

Tatu, ndipo maneno ya sheli yawekwe mahali pa maneno ya Kiswahili, mstari kwa mstari, na penye mashine yachapwe. Nne, kila skripti ijaribiwe angalau mara tatu: kwa hali ya ndiyo, kwa hali ya hapana, na kwa hali ya utupu. Skripti iliyojaribiwa kwa ndiyo peke yake isipewe alama.

Najua pingamizi litakalotolewa. Litasemwa kwamba mtoto wa mkulima wa mbaazi na maharage hahitaji kuandika skripti za sheli. Huenda hahitaji. Lakini mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka elimu yetu ijenge akili ya kudadisi, na siku hizi karatasi nyingi zinazoamua mambo ya watu hutoka kwenye mashine. Mtoto aliyefundishwa kuuliza “na kama sivyo?” hatakaa nyumbani siku mbili kwa aibu kwa sababu ya karatasi ya mlangoni. Atakuja shuleni na kuuliza karatasi hiyo iliandikwaje.

Nanyi, ndugu wanachuo, kabla ya kuifunga kauli yoyote kwa “fi”, someni tena upande wa “else” na mtaje kwa majina watu watakaoingia humo. Mkikuta miongoni mwao yuko ambaye hamkumwuliza kitu, ongezeni swali. Bibi yule wa Endamarariek hakupata kuiona sheli, lakini kosa la skripti yangu alilitambua kabla yangu.